Uji wa Mke Mdogo

Kilichomchefua Zipora mwaka ule hakikuwa mimba. Yalikuwa maini. Nusu kilo ya maini ya ng'ombe, yamefungwa kwenye gazeti, mume wake Mihayo kayapakata kwenye bodaboda kutoka mjini Shinyanga mpaka Samuye. Kafika nayo uani anatabasamu, halafu akafungua mdomo akasema neno ambalo mwanaume mwenye akili zake halisemi mbele ya wake wawili.

"Haya ni ya Paskalina. Kliniki wamesema damu yake haitoshi."

Ya Paskalina! Na Zipora, aliyekuwa ameinama anachochea kuni, tumbo la miezi mitano limembana kwenye magoti, yeye ni nani, mpita njia? Miaka kumi na tano amepika kwenye jiko lile. Amemzalia Mihayo watoto wawili, Esta na Davis. Amelima mahindi, amevuna pamba, amekesha na ng'ombe wanaozaa. Hakuna siku aliyoletewa hata figo. Leo analetewa maini ili ayapike, ayaonje chumvi, kisha ampakulie mwenzake.

Aliyapika. Aliyaunguza kidogo kwa makusudi. Akampelekea Paskalina kwenye sahani, akaketi kando akimwangalia anavyotafuna, na kila tonge lilimchoma yeye rohoni.

Tumwelewe kidogo Zipora, ingawa mimi mwenyewe nikimkumbuka napandwa na hasira. Paskalina alikuwa na miaka ishirini na mbili, Msumbwa wa Masumbwe, mweupe wa uso, mpole mpaka upole wake unakera. Mihayo alimkuta hukohuko Masumbwe alikokwenda kuchimba dhahabu. Alikuwa na sehemu yake kwenye duara moja, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na mwaka ule duara lilianza kutoa. Akaanza kujenga nyumba ya tofali huko, vyumba viwili na sebule, bati, na umeme unaingia. Anayekwenda kuishi kwenye nyumba hiyo atakuwa na genge lake la chakula, awapikie wachimbaji, ashike hela yake mkononi. Anayebaki Samuye atabaki na jembe, ng'ombe na vumbi.

Mihayo, ambaye Mungu alimpa mikono ya kazi akamnyima busara, aliwaweka wake zake kwenye mkeka mmoja akawaambia hivi: "Nyote mtajifungua mwezi wa tisa. Duara halinipi nafasi ya kuuguza mtu. Atakayewahi kupata nguvu ndiye nitakayekwenda naye kabla ya mvua. Mwenzake ataangalia mji."

Paskalina aliinamisha kichwa akasema ndiyo, baba. Zipora naye alisema ndiyo. Lakini tangu siku hiyo hakulala vizuri. Masumbwe ni kwao Paskalina, damu ya Paskalina ni changa, na mwanamke wa miaka ishirini na mbili akijifungua asubuhi, jioni anachota maji. Zipora ana thelathini na tatu, na wakati wa kumzaa Davis ilibaki kidogo tu apasuliwe. Atashindaje?

Siku ya kliniki walikwenda pamoja, mke mkubwa mbele, mke mdogo nyuma. Nesi wa zahanati, Mwamvua, mtu wa Kigoma mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliwachoma vidole akasoma damu kwenye kamashine kake.

"Paskalina, damu yako nane. Hiyo ni ndogo, mama. Zipora, wewe kumi na kidogo. Si mbaya, ila usibweteke." Akawapa kila mmoja vidonge vyekundu vya kuongeza damu. "Kimoja kila siku kwa Zipora. Paskalina, wewe viwili, asubuhi na jioni. Msinywe na chai. Chai inazuia dawa isiingie mwilini. Na udongo muache!" Hapo akamtazama Zipora, ambaye midomo yake ilikuwa na unga mweupe pembeni. "Mama Esta, wewe ndiye mkubwa. Msimamie mwenzio anywe dawa."

Msimamie mwenzio! Zipora alijipangusa midomo akasema sawa.

Udongo kweli alikuwa anakula. Alianza na vile vipande vinavyouzwa sokoni kwa mafungu, vikawa havimtoshi, akahamia kichuguu cha nyuma ya zizi. Alikuwa anabandua kwa kisu, anaramba, harufu yake inampa raha hadi macho anafumba. Chai nayo alikunywa ya rangi, kali, kila baada ya kula. Ndivyo alivyozoea, na hakuwa mtu wa kufundishwa kula na msichana wa Kigoma.

Sasa, vile vidonge. Kisimani alikuwako Lusia, jirani, mwanamke ambaye mdomo wake hauna kifuniko. Lusia aliona mfuko wa dawa kwenye kikapu cha Zipora akapiga kofi.

"Weee! Unavinywa hivyo?"

"Nimepewa leo."

"Thubutu! Vile vinamkuza mtoto tumboni, mwenzangu. Dada yangu alivimaliza vyote, mtoto akafika kilo nne na nusu. Hakupita. Walimpasua, miezi mitatu hakuinua hata ndoo."

Mimi namjua huyo dada yake Lusia. Alipasuliwa kwa sababu mtoto alilala kimshazari, na mtoto mwenyewe hakufika hata kilo tatu. Ila Lusia na ukweli hawajawahi kupikwa chungu kimoja. Na wanawake wengi pale kisimani walitikisa kichwa kukubali, maana habari hiyo walikwisha kuisikia, na wapo waliokuwa wanatumbukiza vidonge vyao chooni kila mwezi.

Zipora alirudi nyumbani na ndoo kichwani, na njia nzima neno moja linamzunguka: miezi mitatu hakuinua hata ndoo.

Aliapa yeye hatavinywa. Hiyo ni hofu, na hofu nitamsamehe. Lakini kesho yake alfajiri, wakati anakoroga uji, alitoa kidonge kimoja kwenye kopo la kakao alimokificha, akakiponda kwa kitako cha chupa mpaka kikawa unga, akautia kwenye kikombe cha Paskalina. Ikiwa viwili kwa siku vinamkuza mtoto, je, vitatu? Mtoto akue, akue mpaka ashindwe kupita. Apasuliwe. Alale chali miezi mitatu hapa Samuye akiugulia mshono, na genge la Masumbwe lipate mwenyewe.

Ilikuwa rahisi kwa sababu ya desturi ya mji ule. Kwa kina Mihayo, mke mdogo hawashi jiko lake mpaka azae mtoto wa kwanza. Mpaka siku hiyo anakula kwenye chungu cha mke mkubwa, anachopewa ndicho hicho. Mama mkwe aliyeweka utaratibu huo alisema unajenga upendo.

Paskalina alipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa funda la kwanza. Akasita. Akalishika mdomoni, akamtazama Zipora, kisha akashusha macho kwenye uji.

Zipora akaacha kukoroga. "Nini? Una nzi?"

"Hapana, dada." Akanywa wote mpaka chini, akafuta kikombe kwa kidole. "Asante, dada. Mungu akuzidishie."

Mungu akuzidishie! Zipora nusura acheke. Mtoto wa watu hana hata akili ya kunusa.

Kesho yake hivyohivyo. Na kesho kutwa. Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaingia. Vidonge vya Zipora vikienda kwenye uji wa Paskalina, Zipora akienda kwenye kichuguu. Kliniki za mwezi aliziruka: mara mguu unauma, mara viazi havijachimbwa. Nesi Mwamvua alipomuulizia, Paskalina alirudi na salamu na vidonge vya wote wawili.

Basi hapo ndipo palipoanza maajabu ambayo Zipora hakuyapanga.

Paskalina alinawiri. Mashavu yakajaa, viganja vikapata rangi, akawa anaimba akichambua choroko. Alikuwa amezoea kupumzika mara tatu akitoka kisimani, sasa alikuja moja kwa moja na ndoo juu ya kichwa na tumbo mbele. Mihayo alipokuja kusalimia kutoka Masumbwe alimtazama mke wake mdogo kwa namna ambayo Zipora aliikumbuka vizuri, maana zamani alitazamwa hivyo yeye.

"Naona Samuye imekupenda," Mihayo akamwambia.

"Ni dada ananitunza," Paskalina akajibu.

Zipora aliingia ndani akaketi kwenye gunia la mahindi, akajishika kifua. Alimwonea wivu nywele zake. Alimwonea wivu meno yake, kucha zake, usingizi wake, hata kiungulia alichokilalamikia kwa sauti ya kudeka. Alijituliza kwa jambo moja tu: kunawiri huko ni kwa mtoto anayekuwa mkubwa. Nawiri, mwanangu, nawiri. Kisu kinakungoja.

Na yeye? Yeye alikuwa anapukutika. Nywele zilibaki kwenye kitana. Akipanda kutoka kisimani, moyo unamdunda masikioni na dunia inageuka rangi. Wakati wa kuchimba viazi jembe lilimkwaruza mguuni, kijeraha cha kucha tu, kwa mtu mwingine wiki moja kimekauka. Chake kiliingia wiki ya saba kingali kibichi. Chakula nacho kikapoteza ladha. Alimwaga chumvi kwenye mboga mpaka Davis akatema, Esta akasema, "Mayu, hii hailiki," naye akawafokea wote kwamba wamezoea vibaya.

Mnadhani alijiuliza? Hata. Alijijibu. Paskalina amemroga. Kamnyang'anya damu. Vinginevyo inawezekanaje mmoja ajae na mwingine akauke, kwenye mji mmoja, chungu kimoja? Siku Paskalina alipokwenda kanisani, Zipora alipekua chumba chake: chini ya godoro, ndani ya mto, kwenye pembe za khanga. Alikuta nepi sita zilizokatwa kwenye shuka kuukuu na kipande cha sabuni ya mtoto. Alikasirika zaidi kuliko kama angekuta hirizi.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Paskalina alishikwa na uchungu. Kaka yake, Deusdedit, dereva wa bodaboda wa Kambarage pale mjini, alikuja na pikipiki yake akampeleka zahanati kwa mwendo wa pole. Zipora alibaki nyumbani akijiandaa. Alitayarisha hadi sura ya masikitiko. Aliyajaribu maneno mdomoni: pole mdogo wangu, kisu ni kisu, usijali mji nitauacha vizuri, pumzika tu.

Kesho yake saa nne pikipiki ikaingia uani. Paskalina ameketi nyuma, wima, mtoto kifuani. Alishuka mwenyewe. Alimpita Deusdedit aliyetaka kumshika mkono, akaja mpaka mbele ya Zipora akapiga goti.

"Shikamoo, dada. Tumerudi. Ni msichana."

"Marahaba," Zipora akasema. "Kilo ngapi?"

"Tatu na robo. Nesi anasema nimezaa kama niliyewahi kuzaa mara nne."

Tatu na robo! Vidonge miezi mitatu, kila asubuhi bila kuruka, halafu tatu na robo! Zipora alimshika mtoto kwa kuwa ilibidi amshike. Mtoto alikuwa mwekundu, mzito, na mkono wake mdogo ulimkamata kidole kwa nguvu. Alimrudisha haraka.

Wiki hiyohiyo Mihayo alipiga simu kutoka Masumbwe. Milango imekwisha kutiwa. Paskalina aanze kujiandaa, akitimiza arobaini wanaondoka. Jina la mtoto wasubiri aje mwenyewe. Simu iliwekwa spika, uani, kila mtu akasikia. Zipora aliondoka akaenda nyuma ya zizi, akabandua kichuguu kipande cha kujaza kiganja, akakila chote huku analia.

Uchungu wa Zipora ulimkuta wiki tatu baadaye, saa mbili asubuhi, juu ya mwamba anaanika michembe. Hakuwahi kupiga kelele. Vipande vya viazi vilitawanyika, yeye akaenda chini, na Esta ndiye aliyekimbia kuita. Paskalina alikuja na kichanga mgongoni, akamwinua Zipora kichwa, akamwona midomo ilivyopauka. Alisema neno moja tu kwa Kisumbwa ambalo Esta hakulielewa, akatoa simu kumwita kaka yake.

Pale zahanati Nesi Mwamvua alimvuta kope la chini, akaishusha ile sauti yake. Mwamvua kushusha sauti si jambo dogo.

"Mama Esta," akasema, "damu yako umeipeleka wapi?"

Gari la wagonjwa likamchukua mpaka hospitali ya mjini. Alijifungua mtoto wa kiume, kilo mbili kasoro, analia kwa sauti ya paka. Kisha Zipora akaanza kutoka damu, na mwili uliokuwa na damu nne haukuwa na cha kutoa. Alisikia watu wanakimbia. Alisikia mtu anaita kundi la damu. Alijua anakufa, na nitawaambia alichokiwaza, kwa kuwa alinisimulia mwenyewe na hakunificha: aliwaza kwamba Paskalina sasa atapata nyumba ya Masumbwe na mji wa Samuye vyote viwili.

Hakufa. Deusdedit alitoa chupa moja ya damu. Paskalina, ambaye hakuruhusiwa kutoa kwa sababu ananyonyesha, alisimama langoni mwa hospitali na mtoto mgongoni akiwasimamisha madereva wenzake Deusdedit, anawabembeleza hadi akapata wawili wengine wenye damu inayolingana. Zipora alilala siku mbili na damu za madereva wa bodaboda wa Kambarage zikimtiririkia mkononi.

Siku ya tatu alifumbua macho vizuri. Mihayo alikuwa ameketi kwenye stuli, ana vumbi la Masumbwe mpaka kwenye kope. Paskalina amesimama miguuni pa kitanda. Daktari, dada mmoja kijana mwenye miwani, alikuwa anasoma kadi ya kliniki na uso umekunjamana.

"Vidonge vya damu ulipewa kila mwezi. Imeandikwa hapa. Ulikuwa unakunywa?"

Zipora alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo.

"Hakunywa," Paskalina akasema. "Alinipa mimi."

Zipora aliona kitanda kinazama. Basi imekwisha. Anajua. Siku zote alijua.

"Mimi vile vidonge vilikuwa vinanitapisha, daktari," Paskalina aliendelea, na machozi yakaanza kumtoka. "Harufu yake tu. Nilikuwa navitupa chooni, nikaogopa kusema. Dada nadhani aliniona. Hakunigombeza. Alichukua vya kwake akavisaga, akanitilia kwenye uji kimyakimya, kama mtu anavyomfichia mtoto dawa. Siku ya kwanza tu niliijua ile ladha, ladha ya msumari. Na haja yangu ikawa nyeusi, kama nesi alivyosema itakuwa. Nikawaza, huyu mwanamke mimi ni mke mwenzake, ananipa damu yake. Nikajikaza nikanywa, vikatulia tumboni. Nilidhani ananigawia nusu, sikujua kwamba yeye amebaki bila."

Wodi nzima iliwasikia. Mama wa kitanda cha pili alisema, "Jamani!" akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Mihayo aliinamia magoti yake, mabega yanatikisika.

Daktari peke yake hakulia. "Moyo wako ni mzuri, mama, lakini usifanye hivyo tena. Mgonjwa aambiwe dawa yake, na kila mtu anywe yake." Akaushika mguu wa Zipora, akaangalia kidonda. "Hiki kina muda gani?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Chakula unakisikia ladha? Nywele? Udongo je, unakula?"

Zipora alitikisa kichwa kukubali, kimoja baada ya kingine.

"Basi siyo chuma tu kilichopungua, na zinki pia nadhani. Hayo ni madini, mwili unayapata kwenye nyama, dagaa, maharage, mbegu. Zinki ikipungua kidonda hakifungi na ulimi hausikii. Ule udongo unayashika madini tumboni yanatoka nao, hayaingii kwenye damu. Na ukiishiwa damu ndiyo hamu ya udongo inazidi. Unazunguka hapohapo. Chai ya rangi juu ya chakula inamalizia kazi."

"Na mtoto?" Mihayo akauliza. "Watu wanasema vidonge vinamfanya awe mkubwa kupita kiasi."

"Waongo. Vinamwongezea mama damu ili asifike hapa. Huyu," akamwonyesha Paskalina, "angeingia leba na damu nane, ningemkuta kwenye kitanda hiki. Vidonge vya mwenzake ndivyo vilivyomvusha."

Daktari akaenda zake. Mihayo alimshika Zipora mkono, akasema kwamba amefanya upumbavu kuwashindanisha kama fahali. Masumbwe atakwenda Zipora. Mwanamke wa namna hii ndiye wa kukaa naye nyumba mpya. Paskalina akasema ndiyo, ni haki yake, halafu akamteremsha mtoto mgongoni, akamlaza kwenye kwapa la Zipora.

"Baba amekwisha kukubali jina," akasema. "Anaitwa Zipora. Na mimi nitaitwa Mama Zipora mpaka nife."

Mnajua wivu aliousikia mke mkubwa hapo ulikuwa wa nani? Si wa Paskalina. Alimwonea wivu huyo Zipora waliyekuwa wanamwongelea, mwanamke mwema anayesaga vidonge kwa upendo. Kila mtu wodini alimjua huyo, kila mtu alimpenda, na yeye hakuwahi kukutana naye.

Alivumilia siku moja. Kesho yake Paskalina alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akamimina, akasogeza stuli. Mihayo alikuwa nje anatafuta dawa. Zipora alikitazama kikombe akakisukuma.

"Sikukuona unavitupa chooni," akasema.

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua. Lusia alisema vinakuza mtoto. Nilitaka wako akue asiweze kupita. Nilitaka upasuliwe ubaki Samuye, mimi niende."

Paskalina alikuwa bado ameshika kifuniko cha chupa. Alikizungusha kidole ndani yake, mara moja, mara mbili.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na mimi nikikushukuru."

"Nawe ukinishukuru."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Zipora aliusubiri ukelele ule kwa hamu, atukanwe, avutwe nywele chache zilizobaki, wodi nzima ijue. Paskalina alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza khanga kwa fundo mbili. Uji akauacha pale pale. Alipofika mlangoni alikutana na Mihayo, akamwamkia, akapita.

Zipora aliruhusiwa kutoka baada ya siku kumi. Mtoto wake aliongezeka kidogo kidogo, kidonda kikaanza kushika, na siku moja aliila mboga ya Esta akagundua ina chumvi nyingi mno. Siku aliporudi, uani alipokelewa kwa vigelegele. Lusia mwenyewe alikuja kutoka kisimani kumkumbatia. Habari ilikuwa imetembea mpaka Tinde: mke mkubwa aliyempa mke mdogo damu yake. Paskalina alikuwapo, anaosha vyombo. Hakuwa amemwambia mtu.

Basi Zipora akamwambia Mihayo mbele ya wote kwamba yeye haendi Masumbwe, aende Paskalina. Alidhani neno hilo litamtua mzigo. Mihayo akapiga mikono, "Mnauona moyo huo? Mnauona?" na vigelegele vikarudia upya, vikubwa kuliko vya kwanza. Wala msidhani wivu ulikuwa umeisha. Alipolisema jina la Masumbwe aliiona ile sebule yenye umeme, akamwona Paskalina amekaa ndani yake, na roho ikamuuma vilevile kama siku ya maini.

Waliondoka Jumamosi kabla ya mvua. Deusdedit alileta gari la kukodi, wakapakia godoro, sufuria mpya, na gunia la michembe ambalo Zipora alilifunga mwenyewe. Mihayo alizunguka gari akikagua kamba. Kisha akamnyooshea Zipora mtoto wa Paskalina amuage.

"Agana na wajina wako."

"Si wajina wake tena," Paskalina akasema kutoka ndani ya gari. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nimembadilisha jina. Sasa anaitwa Mageni, jina la bibi yangu."

"Kwa nini?" Mihayo akashangaa. "Na hukuniambia?"

"Analia mno. Tangu tumpe lile jina hatulii, usiku kucha ni kilio. Jina limemkataa."

Mihayo alikubali papo hapo. Kwao jambo hilo halina ubishi: mtoto anayelia bila ugonjwa anadai jina jingine, na jina lililomkataa mtoto halilazimishwi. Alimgeukia Zipora, anaona aibu kidogo kwa niaba ya mke wake mdogo. "Usijisikie vibaya, Mama Esta. Ni mambo ya watoto. Si unasikia mwenyewe anavyolia?"

Zipora alilala ukuta mmoja na mtoto yule tangu alipotoka hospitali. Usiku mwingi hakuwa na usingizi, na hakuwahi kumsikia analia zaidi ya kuomba ziwa. Alimtazama Paskalina. Paskalina alikuwa anatazama mbele, barabarani.

"Nasikia," Zipora akasema. "Kweli limemkataa."